Moshi Upewe Njia: Kofia na Bomba la Moshi Jikoni

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Leo tunaingia jikoni, na tukishaingia tutaangalia juu, pale kwenye masizi.

Mama, nikikuuliza ni ugonjwa gani unaokuleta kliniki na mtoto mara nyingi wakati wa mvua, utaniambia ni kikohozi. Nikikuuliza mtoto hukaa wapi unapopika, utaniambia yuko mgongoni, au kando ya mafiga apate joto. Sikulaumu. Huku kwetu Kitale, Endebess na Kapsokwony, baridi ya Mlima Elgon si mchezo, na jikoni ndipo mahali pa joto. Hata upande wa Bungoma, mvua ikinyesha mlango hufungwa na kila mtu huukaribia moto. Tukishavuna mahindi, tunawasha magunzi na mabua, ambayo huwaka haraka na kutoa moshi mwingi. Moshi ule wote unaenda wapi? Unaingia kifuani mwako na mwa mtoto.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani. Zaidi ya 237,000 kati yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Kwa watoto, ugonjwa mkubwa ni nimonia. Kwa watu wazima ni magonjwa ya mapafu, ya moyo, kiharusi na saratani ya mapafu. Macho nayo huumia.

Basi tufanye nini? Kama una uwezo wa kupikia gesi au umeme, hiyo ndiyo njia bora. Lakini wengi wetu bado tunapika kwa kuni, na chakula cha leo hakiwezi kungoja. Jiko la Maendeleo, ambalo wengine huliita Upesi, hupunguza kuni, lakini halina bomba, kwa hiyo moshi unaobaki bado uko nanyi chumbani. Moshi huo unahitaji njia ya kutoka, na njia hiyo ni kofia ya moshi na bomba lake.

Jambo hili si geni Kenya. Kati ya 1998 na 2001, shirika la ITDG, ambalo tangu 2005 linaitwa Practical Action, lilifanya kazi na familia za Kajiado na za Magharibi mwa Kenya. Walijaribu njia mbalimbali pamoja na kina mama wenyewe: madirisha makubwa zaidi, nafasi juu ya ukuta chini ya paa, na kofia za bati juu ya moto. Walipima moshi kabla na baada. Kofia ndiyo iliyopunguza moshi zaidi ya njia zote hizo.

Kofia ya moshi ni nini? Ni bati lililokunjwa kama faneli iliyogeuzwa, linakaa juu ya moto karibu na ukuta. Moshi wa moto hupanda wenyewe. Kofia huukusanya, na bomba huutoa juu ya paa. Fundi wa jua kali anayetengeneza masanduku na mitungi ya maji anaweza kuikunja. Kazi yako ni kujua unachotaka, ili usiuziwe pambo. Mwambie fundi hivi.

Kwanza, kofia iwe pana kuliko moto wenyewe pande zote, na ikae chini kadiri utakavyoweza kusonga ugali bila kugonga kichwa. Ikikaa juu sana, moshi utapita pembeni. Pande zikifungwa kwa bati au udongo na kubaki upande mmoja tu wa kupikia, itavuta vizuri zaidi.

Pili, bomba la kofia liwe pana. Jiko la matofali lililofungwa huweza kutumia bomba la inchi 4 hadi 6, lakini kofia iliyo juu ya moto wa wazi huvuta moshi pamoja na hewa nyingi. Usikubali chini ya inchi 8, na likipanuka zaidi ni vizuri. Liwe la bati nene kidogo, geji 28 au 26, kwa maana geji 32 huliwa upesi na kutu. Bomba la plastiki la maji halifai kabisa. Litayeyuka, na linaweza kuwaka.

Tatu, bomba lipande wima. Kila kona hupunguza mvuto na hukusanya masizi. Kama lazima lipinde, lipinde kwa mteremko, lisilale. Litoke nje kabisa, lipite kilele cha paa kwa futi mbili hivi. Nimeona mabomba yanayoishia darini ndani ya nyumba. Huko moshi hurudi chini, na masizi ya moto huweza kuchoma mbao. Juu kabisa weka kifuniko cha mvua kilichoinuliwa kwa miguu, ili maji yasiingie lakini moshi upite.

Nne, bomba lisiguse mbao wala nyasi. Liachie futi moja na nusu kila upande, na pale linapopenya paa pawe na bati pana la kulizunguka. Mama mwenye jiko la nyasi, usitoboe paa kwa haraka, cheche moja inatosha kuteketeza boma. Anza na madirisha mawili yanayokabiliana na nafasi juu ya ukuta, na umlete fundi anayeelewa.

Tano, hewa iingie. Bomba haliwezi kuvuta kutoka chumba kilichozibwa. Acha dirisha au sehemu ya mlango wazi unapopika.

Sasa sikilizeni vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo kuna kifo. Mafundi wengine huweka ndani ya bomba kibati cha duara kinachozungushwa kwa mkono wa waya. Wanakiita dampa. Kazi yake ni kupunguza mvuto moto ukiwa mkali, na kuzuia upepo na baridi jiko likiwa halina moto. Ni kifaa kizuri kikitumiwa vizuri. Hatari huja usiku. Chakula kimeiva, moshi hauonekani tena, makaa yanang'aa, na baridi inaingia. Mtu anafunga dampa ili joto libaki, au anaziba bomba kwa gunia, kisha watoto wanalala humo humo.

Makaa yanayong'aa hayatoi moshi mwingi, lakini yanatoa gesi ya kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu, na haikuamshi usingizini. Hukaa kwenye damu mahali pa hewa safi, na familia nzima huweza kukutwa asubuhi imekufa. Ndiyo gesi ile ile ya jiko la makaa linaloingizwa chumba cha kulala.

Kwa hiyo dampa ina sheria moja: isifungwe mpaka makaa yawe majivu baridi. Mwambie fundi akikate kile kibati au akitoboe tundu, ili hata mtoto akikizungusha, njia isizibike yote. Kwa kofia ya moto wa wazi, usipoweka dampa kabisa hukosi kitu.

Dalili za gesi hiyo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kulegea, hasa zikiwapata watu wawili au watatu wa nyumba moja kwa wakati mmoja. Watoe wote nje kwenye hewa safi na uwapeleke hospitali mara moja. Maziwa si dawa yake. Usipoteze muda ukitafuta maziwa.

Bomba pia linahitaji kuoshwa uso. Mara moja kwa mwezi, moto ukiwa umezimika, pitisha brashi au gunia lililofungwa kamba na jiwe ili masizi yaanguke. Moshi ukianza kurudi jikoni, jua njia imeziba.

Ninyi wa mjini mnaopikia gesi kwenye nyumba za kupanga, kama juu ya jiko kuna kofia ya umeme, chungulieni nyuma yake. Nyingine hazina bomba la nje, huchuja mafuta na kurudisha hewa ile ile chumbani. Kama bomba lipo, hakikisha kile kifuniko cha ukutani nje kinafunguka feni ikiwashwa, hakijaganda kwa mafuta wala kuzibwa na kiota cha ndege. Dirisha lifunguliwe vile vile.

Kofia inapunguza moshi, haiumalizi. Mtoto mwenye kikohozi bado umchunguze. Mvue nguo kifuani akiwa ametulia, uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi miwili hadi 11, ni 50 au zaidi. Mwaka mmoja hadi mitano, ni 40 au zaidi. Ukiona hivyo, au kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta pumzi, au hanyonyi, anatapika kila kitu, ana degedege au amelegea, usingoje kesho. Mpeleke kituo cha afya kilicho karibu.

Najua bati ni pesa. Zungumzeni kwenye chama, mfanye jiko moja kila zamu, mkianza na nyumba yenye mtoto mchanga. Na baba unayesikiliza, hii ni kazi yako pia, maana mwenye kupanda paa mara nyingi ni wewe.

Basi, mama, leo jioni kabla ya kulala tazama makaa, kisha tazama njia ya moshi. Makaa yakiwa hai, njia iwe wazi. Hadi tutakapokutana tena, nawatakia afya njema nyumbani. Kwaherini.