Mtoto wa Panga ya Saidi
(Hotuba kwa wakazi wa Kabiro, Kawangware)



Watu wa Kabiro waendao Pwani hutazama bahari, kisha hurudi Nairobi. Ni wachache wafikao Panga ya Saidi, pango la mawe ya chokaa katika Kilifi, kilomita 15 hivi kutoka baharini.

Mwaka 2010 wataalamu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya na wenzao wa ng'ambo walianza kuchimba humo. Mwaka 2013 ilionekana mifupa kidogo. Mwaka 2017 kaburi likafunuliwa, kina cha mita tatu hivi. Mifupa ilikuwa dhaifu mno, hata ikafungwa kwa plasta na kuchukuliwa pamoja na udongo wake.

Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba huyo ni mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa yapata miaka 78,000 iliyopita. Hakuna kaburi la binadamu wa kisasa la kale kuliko hilo lijulikanalo katika Afrika. Alilazwa ubavu wa kuume, magoti yamekunjwa kifuani, na kichwa yaelekea kiliwekewa mto ambao umekwisha kuoza.

Asemaye kwamba watu wa kale hawakuwa na huruma, na aufikiri mkono uliouweka mto huo. Mzazi aliyefiwa hahitaji mkalimani.

Basi mgeni na aende pamoja na mwenyeji, kwa kuwa Wamijikenda hufanya ibada humo. Asichimbe, wala asiokote hata ushanga mmoja: ukiisha kutiwa mfukoni, hakuna ajuaye tena ulitoka tabaka gani, na habari zake zimepotea.