Pasipoti Si Kipimo cha Kodi
Mazungumzo kwa walimu na watumishi wa umma, Ivuna



Chemchemi za chumvi za Ivuna zimewaita watu kutoka mbali kwa karne nyingi. Wachunguzi wa mambo ya kale wamefukua hapa mabaki ya kazi ya chumvi yenye umri wa zaidi ya miaka 600. Mzani wa chumvi hauulizi kabila la mwenye kikapu, huuliza uzito.

Katika mpaka wa Tunduma, wanaovuka si wafanyabiashara peke yao. Wamo vijana wa Zambia wanaokuja kusoma katika vyuo vya Tanzania, na baadhi yao, wakishahitimu, hupata ajira humu nchini. Hapo ndipo linapozuka swali: je, mwajiri amkate kijana huyo kodi ya mkaazi, au ya asiye mkaazi?

Karani wa mishahara anayefungua pasipoti, akaona ni ya kigeni, akakata asilimia 15 papo hapo, anakosea. Asilimia 15 ni ya mwajiriwa asiye mkaazi, wala si ya kila asiye raia. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 hutazama makao na siku. Mtu ni mkaazi akiwa na makao ya kudumu nchini na akawapo japo kwa sehemu ya mwaka. Au akiwapo siku 183 au zaidi. Au akiwapo mwaka huo na katika kila mmoja wa miaka miwili iliyotangulia, kwa wastani unaozidi siku 122 kwa mwaka.

Chukueni mfano wa binti wa Nakonde aliyesoma ualimu Tanzania. Mwaka juzi alikuwapo nchini siku 270, na mwaka jana siku 240. Januari anaanza kufundisha katika shule ya binafsi, akiwa na kibali cha kazi. Tayari ana siku 510. Zikigawanywa kwa miaka mitatu, wastani ni siku 170. Basi yeye ni mkaazi tangu siku ya kwanza ya kazi.

Ikiwa mshahara wake unaotozwa kodi ni shilingi 500,000 kwa mwezi, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021 shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi, na zilizobaki hutozwa asilimia 8. Kodi yake ni shilingi 18,400. Akikatwa asilimia 15, atatoa shilingi 75,000. Shilingi 56,600 za jasho lake zitakuwa zimepotea kila mwezi kwa sababu karani hakuhesabu siku.

Kosa hilo huweza pia kuliumiza taifa. Mkaazi mwenye mshahara wa shilingi 2,000,000 hupaswa kulipa shilingi 428,000. Akihesabiwa kuwa si mkaazi, atalipa 300,000 tu, na hazina itakosa shilingi 128,000 za shule na zahanati.

Hapana budi pia kutenganisha mambo mawili. Kibali cha ukaazi hutolewa na Uhamiaji, nacho humruhusu mgeni kuishi nchini. Ukaazi wa kodi hutokana na hesabu ya sheria. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Na wa kwetu je? Kijana mwenye makao ya kudumu Ivuna, anayefanya kazi Lusaka na kurudi nyumbani likizo, bado aweza kuwa mkaazi wa Tanzania, na mapato yake ya nje yakahusika na kodi. Asihofu kutozwa mara mbili: sheria hutambua kodi iliyolipwa ugenini, na Tanzania na Zambia zina mkataba juu ya jambo hilo tangu mwaka 1968.

Kwa hiyo basi, mwajiri na aulize tarehe za kuingia na kutoka kabla ya malipo ya kwanza, na kodi ya Lipa Kadiri Unavyopata iwasilishwe ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Mwalimu na awafundishe wanafunzi kutunza mihuri ya mipaka kama wanavyotunza vyeti. Aliyekatwa zaidi na aombe kurudishiwa. Ni haki yake, si hisani.

Kodi ya haki hujenga nchi. Kodi ya kubahatisha humdhulumu mfanyakazi leo, na kesho hulidhulumu taifa.