Kutoka Kilima cha Kahe hadi Kaunta ya Kituo



Machi 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Jan Smuts yaliwafuata Wajerumani wa Lettow-Vorbeck kutoka Moshi hadi Kahe, penye stesheni ya reli ya Tanga. Walipigana tarehe 21, na usiku Wajerumani wakavuka mto Ruvu kuelekea kusini. Tangu hapo nchi hii ya tambarare ikawa chini ya Mwingereza. Miaka mitatu baadaye, 25 Agosti 1919, tangazo la serikali likaunda Jeshi la Polisi Tanganyika, kiongozi wake Meja S. T. Davis, makao makuu Lushoto. Yalihamia Dar es Salaam mwaka 1930.

Naanzia hapo makusudi. Polisi wetu walizaliwa ndani ya utawala ulioingia kwa mtutu, na amri zao zilitoka juu kwenda chini. Mlimani Kilimanjaro watu walikwisha kuijua dola ya aina hiyo: mwaka 1900 Wajerumani walimnyonga mtawala wa Wachaga, Mangi Meli, kule Old Moshi. Uhuru ulibadilisha nani anatoa amri, na Elangwa Shaidi akawa Mwafrika wa kwanza kuliongoza jeshi hili. Mwelekeo wa amri ni jambo jingine.

Januari 1964 Mwalimu Nyerere alipeleka polisi wapatao 300 Zanzibar kusaidia kutuliza hali baada ya Mapinduzi. Siku chache baadaye wanajeshi wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakaasi, na mji ukawa umepungukiwa na polisi. Ndivyo taifa changa lilivyowategemea.

Lakini somo kubwa la uongozi, kwa maoni yangu, liko Mwanza na Shinyanga. Mwaka 1976 ilifanyika operesheni ya kuwasaka watuhumiwa wa mauaji. Watu walikamatwa kwa wingi, wakateswa, na baadhi wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, akajiuzulu. Hakumpiga mtu yeyote. Alikubali kwamba aliye juu anabeba yanayotendwa na walio chini yake, na wananchi hawakumsahau kwa ubaya: mwaka 1985 akawa Rais. Natamani kila kijana anayepiga kwata katika Shule ya Polisi hapa Moshi afundishwe kisa hiki kabla hajakabidhiwa bunduki.

Maana akitoka hapo anakwenda kukutana na mtu kaunta. Chukueni mkulima wa mpunga aliyepigwa na jirani wakigombania maji ya mfereji. Anafika kituoni damu inamtoka, anahitaji PF3, fomu ya polisi ya matibabu, ili hospitali impokee bila maswali. Askari wa zamu akimpa fomu ile upesi, akaandika tukio kitabuni na kumpa namba ya taarifa yake (RB), mkulima ameiona serikali ikimtumikia. Akiambiwa fomu zimekwisha, au gari halina mafuta labda achangie, anarudi nyumbani na uamuzi wake mwenyewe kuhusu jirani yule. Inspekta Jenerali wa Polisi hayupo pale, ila uongozi wake upo.

Said Mwema, aliyeshika wadhifa huo mwaka 2006, alisukuma polisi jamii kwa bidii. Leo tuna wakaguzi wa polisi wa kata. Hatua hizo naziunga mkono kwa moyo wote. Hata hivyo mkaguzi wa kata bado anapandishwa cheo na wakubwa wake peke yao, anaowalinda hawaulizwi. Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilikabidhi ripoti yake Julai 2023, ikitaka mageuzi makubwa katika polisi.

Mimi naomba jambo dogo linaloweza kuanzia Kahe. Sheria inataka aliyekamatwa kwa kosa lisilo zito afikishwe mahakamani ndani ya saa 24 au aachiwe kwa dhamana. Basi kila miezi mitatu mkuu wa polisi wa wilaya aje kwenye mkutano wa hadhara wa kata, asome mbele ya wananchi ni wangapi walioshikiliwa zaidi ya muda huo na kwa sababu gani, PF3 ngapi zilitolewa, na malalamiko mangapi dhidi ya askari yalichunguzwa. Kisha aulizwe maswali, na majibu yake yaingie kwenye faili lake la kupandishwa cheo.