Upanga Si Njia ya Mkato

Msikilizaji, muulize dereva yeyote mzoefu wa Dar es Salaam anatokaje eneo la Fire hadi Daraja la Selander saa moja na nusu asubuhi. Hatakutajia Barabara ya Umoja wa Mataifa. Atacheka kidogo, kisha ataanza kukuhesabia mitaa ya Upanga: Mindu, Malik, Alykhan, na vichochoro ambavyo hata baadhi ya wenyeji hawavijui kwa jina. Atakuelekeza kwa fahari, kama mtu anayekugawia siri ya familia. Siri hiyo sasa inajulikana na mji mzima, na hapo ndipo shida ya Upanga inapoanzia.

Upanga haikujengwa iwe njia ya kupita. Ilijengwa iwe mahali pa kuishi. Katika miaka ya 1950, familia nyingi za Kiasia zilizokuwa zimebanana juu ya maduka ya katikati ya mji zilianza kuhamia huku, kwenye nyumba za chini na ghorofa fupi zenye ua na miti. Mitaa ikachorwa kwa kipimo cha wakati ule, ambapo mwenye gari alikuwa mtu wa kutazamwa. Ikaja sheria ya mwaka 1971, nyumba nyingi zikachukuliwa na Serikali na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba, na wapangaji wa kila kabila wakaingia. Leo nyumba zile zinavunjwa moja baada ya nyingine, na mahali ilipokuwa familia moja panasimama ghorofa ndefu yenye familia kwa makumi, kila moja na gari lake, pengine mawili. Barabara ya mbele ya ghorofa hiyo imebaki na upana ule ule.

Halafu kuna shule. Azania, Jangwani, Tambaza, Zanaki, Olympio, zote ziko Upanga. Na kuna Muhimbili, hospitali ya taifa, ambayo watu huifikia kwa kila njia: kwa gari la wagonjwa, kwa bajaji, na wengi kwa miguu baada ya kushuka kwenye daladala, mkono mmoja umeshika bahasha ya eksirei na mwingine umemshika mgonjwa. Hawa ndio wenye mtaa saa za mchana. Na wanatembea wapi? Barabarani. Pembeni palipopaswa kuwa pa kwao pamechukuliwa na magari yaliyoegeshwa, meza ya chipsi, au mtaro usio na mfuniko.

Sheria yetu ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inaweka kikomo cha kilomita 50 kwa saa kwenye maeneo ya makazi. Tuseme dereva anaitii, jambo ambalo peke yake ni kuomba mengi. Kwa hesabu ya kawaida, kwenye lami kavu, gari la mwendo wa 50 linahitaji takriban mita 27 hadi lisimame, ukihesabu na ile sekunde moja ya dereva kushtuka. Kwa mwendo wa 30 ni kama mita 13. Mtoto akichomoza kati ya magari mawili yaliyoegeshwa mita 15 mbele yako, kwa 30 utasimama na utatukana. Kwa 50, mguu wako utakuwa ndiyo kwanza unagusa breki wakati unamfikia. Ndiyo maana mwaka 2020, mawaziri na wataalamu waliokutana Stockholm walitaka kikomo cha kilomita 30 mahali ambapo magari na watu wa miguu wanachanganyika.

Dereva atasema anachelewa kazini. Tupige hesabu hiyo nayo. Kilomita moja kwa mwendo wa 50 ni sekunde 72. Kwa mwendo wa 30 ni sekunde 120. Tofauti ni sekunde 48, na hizo anazipoteza zote kwenye taa za mbele.

Sasa, wakazi wakichoka huomba kitu kimoja: tuta. Barua inaandikwa, mwenyekiti wa mtaa anapiga muhuri, na barua isipojibiwa vijana wananunua saruji usiku. Mimi siwalaumu. Lakini tuta la kienyeji, fupi na kali, ni chombo kibovu. Wataalamu wa Uingereza walilichunguza jambo hili mapema miaka ya 1970 wakagundua kwamba tuta fupi sana humwadhibu anayekwenda taratibu, huku mwenye gari kubwa lenye springi nzuri akilipita kwa kasi bila kuhisi mengi. Wakaja na tuta refu, lenye urefu wa karibu mita 3.7 kutoka linapoanza hadi linapoishia na kimo cha sentimita 10 tu. Ukilipita polepole hulisikii. Ukilipita kwa kasi linakutikisa hadi uti wa mgongo. Tuta la namna hiyo halitoki kwenye toroli moja ya zege saa nane ya usiku.

Na Upanga ina jambo lake la pekee, nalo linanifanya niwe mgumu kidogo kwenye habari ya matuta. Barabara za kwenda Muhimbili zinabeba watu waliovunjika mapaja. Zinabeba wajawazito ambao uchungu umeshaanza. Ukiweka tuta kila mita 50 kwenye Mtaa wa Malik, umemlinda mtoto wa shule na umemtesa mgonjwa aliyelala nyuma ya bajaji. Rasta, ile mistari ya kukwaruza matairi, nazo zinamkera aliyelala chumba cha mbele kuliko dereva mwenyewe. Kwa hiyo anayesema wekeni matuta kila mahali hajafika Upanga, au hajawahi kuuguza.

Kinachofaa zaidi njia ya hospitali ni kuibana barabara. Dereva hasomi kibao, anasoma barabara. Akiona mbele peupe, pana na laini, mguu unazama wenyewe. Akiona njia imesinyaa, kona imekazwa, ukingo umetokeza pande zote mbili pale watu wanapovukia, anapunguza bila kuamrishwa. Gari la wagonjwa linapita hapo bila kurushwa, na anayevuka anavuka kwa hatua chache kuliko zamani. Na mbele ya geti la shule, kivuko chenyewe kiinuliwe kifike usawa wa njia ya miguu, ili gari ndilo lipande kwenda kwa mtoto, mtoto asishuke kwenda kwa gari.

Wala hatuhitaji kungoja mfadhili atufundishe, maana mambo haya yamefanyika hapa hapa Dar es Salaam. Shirika la Amend lilichukua shule za msingi ambazo watoto wake walikuwa wakigongwa mara kwa mara, likajenga njia za miguu, likaweka vivuko, matuta ya kipimo na nguzo za kuzuia magari, na penye uwezekano likahamisha geti la shule kutoka barabara yenye fujo kwenda upande wa utulivu. Majeruhi walipungua kwa angalau asilimia 26. Mwaka 2019 kazi hiyo ikashinda tuzo ya kwanza ya miji ya WRI Ross, ikizipita kazi za miji mikubwa ya dunia. Sisi wenyewe hatukuitangaza sana. Tulikuwa kwenye foleni.

Ila yote hayo yanampunguza mwendo mpitaji, hayamwondoi. Na kwa Upanga, anayeleta matatizo ni mpitaji. Uholanzi walilipitia hili baada ya mwaka 1971, ambapo watoto zaidi ya 400 walikufa barabarani katika nchi ile ndogo. Wazazi waliingia mitaani kuandamana, na mwaka 1976 sheria ikatambua mitaa ya makazi ambayo gari huingia kama mgeni, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Mitaa mingi ikafungwa katikati kwa nguzo au vyungu vya miti: mwenyeji anafika kwake, baiskeli inapita, lakini mtu wa njia ya mkato anakuta ukuta.

Najua pingamizi. Ukiziba Mindu, magari yote yatarudi Barabara ya Umoja wa Mataifa, na foleni ya huko inatosha tayari. Ni kweli, wiki za mwanzo zitakuwa chungu, na simu za kipindi hiki zitawaka moto. Lakini barabara hiyo ilijengwa kwa kazi hiyo: ni pana, ina taa, na trafiki wanajua pa kusimama. Mtaa wa ndani hauna hata kimoja. Pingamizi ninalolipa uzito zaidi ni la mwenye duka dogo anayeishi kwa wapitaji, na la dereva wa bajaji ambaye mtaa uliozibwa unamwongezea mafuta. Hao waitwe kwenye kikao kabla nguzo haijachimbiwa, na bajaji iachiwe upenyo.

TARURA, ambayo tangu mwaka 2017 ndiyo yenye dhamana ya barabara za mitaa, inaweza kuanza kwa majaribio: mapipa yaliyojazwa mchanga, rangi, miezi mitatu, kisha watu wahesabu magari na waseme. Yakishindikana yanaondolewa kwa siku moja. Na wakati fungu la mapipa likisubiriwa, Jiji na trafiki wana kazi ya kesho asubuhi: kuyaondoa magari yote yanayoegeshwa kwenye kona na mbele ya mageti ya shule, pale dereva na mtoto wanaposhindwa kuonana.