Twende Tukaone Maji Yanakotoka

(Mazungumzo mbele ya wahitimu wa kisomo, bonde la Kilombero)



Leo tunataka kuzungumza nanyi juu ya matembezi. Siyo matembezi ya kwenda mnadani wala msibani. Ni matembezi ya siku moja ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Mlima huo tunauona kila asubuhi tukifungua mlango. Lakini ni wangapi kati yetu waliokwisha kuingia humo bila panga wala kamba ya kuni, kwa nia ya kutazama tu?

Wengine watasema, "Kutembea bila kazi ni mambo ya wageni." Haya, tusikilizane kwanza.

HIFADHI YA MIGUU

Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1992. Ukubwa wake ni kilometa za mraba 1,990. Sehemu yake iko mkoa wa Morogoro, na sehemu iko mkoa wa Iringa. Katika hifadhi nyingi watu hutazama wanyama wakiwa garini. Hapa watu hutembea kwa miguu. Lango kuu liko Mang'ula, kama kilometa 60 kutoka Mikumi.

Ziko njia fupi na ziko njia ndefu. Njia ya kwenda kilele cha Mwanihana huchukua siku kadhaa. Njia ya maporomoko ya Sanje huchukua kama saa nne, kwenda na kurudi. Hiyo ndiyo tuliyoifuata sisi.

Maji ya Sanje huanguka kwa ngazi tatu. Ukizijumlisha zote ni kama mita 170. Hebu tupige hesabu. Mnazi mrefu una kama mita 25. Basi simamisha karibu minazi saba, mmoja juu ya mwingine! Ukifika juu unaliona bonde lote: miwa, mpunga, nyumba za bati na reli. Vijiji vyetu vinaonekana vidogo kama vibiriti.

MNYAMA ALIYEKUWA NA JINA

Katika msitu huu yuko mbega mwekundu wa Iringa. Yuko pia kima mmoja mwenye manyoya ya kijivu na sauti kubwa, ambaye wenyeji humwita ngolaga.

Habari za ngolaga zinatufundisha jambo. Mwaka 1979 wataalamu walikuwa wakichunguza wanyama katika msitu wa Mwanihana. Wakasikia mlio wasioujua. Mwenyeji aliyekuwa akiwaongoza akawaambia, huyo ni ngolaga. Wao walikuwa hawajamwandika katika vitabu vyao. Baadaye wakamwandika kwa jina la Sanje. Hapatikani mahali pengine popote duniani ila katika milima hii ya Udzungwa.

Mnaona? Wazee wetu walikuwa na elimu ya msitu kabla ya kitabu. Kitabu kilikuja kuihifadhi tu. Basi sisi tuliojifunza kusoma na kuandika ukubwani tusione haya kuwauliza wazee majina ya miti na wanyama. Tuyaandike kwenye daftari zetu. Mzee akifariki bila kuulizwa, na majina hufa naye.

MAJI YANATOKA WAPI?

Upepo wenye unyevu hutoka Bahari ya Hindi. Ukifika Udzungwa hugonga mlima na kupanda juu. Huko juu kuna baridi, na unyevu ule hugeuka mvua. Ndiyo maana upande wetu wa mashariki kuna msitu mzito, na upande wa nyuma ni mkavu.

Mvua ikinyesha msituni haipigi udongo moja kwa moja. Hupiga majani kwanza, kisha huteremka polepole. Chini kuna majani makavu na magogo yaliyooza. Tuliyashika kwa mikono, yakawa kama godoro lililolowa. Godoro hilo hunywa maji, halafu huyatoa kidogo kidogo hata wakati wa kiangazi. Ukiliondoa, maji yote hushuka siku moja na kuzoa udongo. Kesho yake mto ni mawe matupu.

Mito hiyo huingia mto Kilombero. Mto Kilombero hukutana na mto Luwegu, ndipo unapozaliwa mto Rufiji. Huko Rufiji ndiko kuna bwawa la umeme la Julius Nyerere, lililoanza kutoa umeme mwaka 2024. Kwa hiyo hata taa ya mtu wa mjini inaudai mlima wetu.

MABADILIKO TULIYOYAONA

Tukiwa juu tulikaa chini tukazungumza. Wakubwa kati yetu wanakumbuka bonde hili lilivyokuwa. Reli ya TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975. Treni ikaleta watu, na watu wakafungua mashamba. Msitu wa bondeni ukapungua mwaka hata mwaka. Mwaka 1980 serikali ilifanya kampeni ya Misitu ni Mali. Watu walikaa vikundi wakasikiliza redio na kujadiliana juu ya miti.

Hifadhi ilipoanzishwa, wanavijiji waliruhusiwa kuokota kuni kavu kwa siku maalumu. Ruhusa hiyo ilikoma mwaka 2011. Sababu zake zinaeleweka. Kuni kavu ndizo zinazooza na kuwa lile godoro la kushika maji. Tena kuni kavu zikiisha, panga hugeukia mti mbichi.

Lakini jamani, tuseme na upande wa pili. Waliokuwa wakipanda mlima ule ni akina nani? Ni akina mama. Chungu hakikuacha kutaka moto mwaka 2011. Leo mama hutafuta vijiti mashambani, au hununua mkaa kwa fedha ambayo ingenunua daftari la mtoto. Maji tunayanywa sote, ila gharama yake imewekwa juu ya kichwa cha mtu mmoja.

Wakati wa kushuka, mama mmoja kati yetu alicheka, akasema, "Njia hii nilizoea kuishuka na tita kichwani. Leo sina kitu, lakini shingo bado inangoja mzigo." Tulicheka naye, kisha tukanyamaza. Alikuwa amesema kweli. Mlima umepumzika, bali yeye bado.

TUFANYE NINI?

Kwanza, kila nyumba ipande miti yake ya kuni. Mjohoro hukua upesi, na ukikatwa huchipua tena. Upandwe mpakani mwa shamba na nyuma ya nyumba. Wako wanaume wanaosema kuni ni kazi ya mwanamke. Vema, basi wao wachimbe mashimo na kupanda. Kuni zikiwa uani, hakuna haja ya kubishana ni kazi ya nani.

Pili, tutengeneze majiko sanifu ya udongo. Jiko la mafiga matatu huacha moto kwenda ovyo pembeni. Jiko sanifu huubana moto chini ya chungu, na kuni hupungua.

Tatu, jambo la kuni lizungumzwe katika mikutano ya kijiji, na akina mama wapewe nafasi ya kusema. Mwenye mzigo ndiye ajuaye uzito wake.

Nne, twende tukatembee huko juu. Kiingilio cha raia ni kidogo kuliko cha wageni. Changeni fedha kikundi kizima, mwende langoni kuuliza bei ya kiingilio na ya mwongozaji. Ondokeni asubuhi kabla ya jua kali. Vaeni viatu visivyoteleza, maana mawe ya karibu na maji yana utelezi. Chukueni maji ya kunywa na chakula kidogo. Msimwache mtu nyuma, wala msitupe taka. Na mchukue watoto. Mtoto aliyeyaona maji yakitoka msituni hahitaji kufokewa ili autunze msitu.

Ndugu zetu, mabadiliko hayakuanza leo na hayataisha kesho. Wakati wa masika ndiyo huu unakaribia. Atakayekuja darasani wiki ijayo na aje na mbegu za mjohoro, tuanze kitalu chetu hapa hapa nyuma ya darasa.