Punda Si Jaa la Mahindi Mabovu

Hapa Babati punda ndiye lori la mwenye mfuko mwepesi. Anashinda akibeba maji, kuni na magunia, na jioni hufungwa kamba na kumwagiwa mahindi yaliyoota ukungu, yale ambayo mama wa nyumba amekataa kuyasaga. Eti punda hachagui!

Mahindi hayo yanaua. Uko ukungu wenye sumu inayoozesha ubongo wa punda, na wa farasi vilevile. Mnyama hupepesuka, huzungukazunguka, hugonga kichwa ukutani, na baada ya siku chache amekufa. Dawa ya kumponya hakuna, na majirani huanza kutajana uchawi. Tusisahau kwamba mwaka 2016 sumu ya ukungu wa aina nyingine iliua watu Dodoma na katika mkoa wetu huu wa Manyara.

Hata mahindi mazuri yasizidi. Punda hacheui kama ng'ombe, na tumbo lake ni dogo. Nafaka nyingi kwa mkupuo humletea msokoto wa tumbo na maradhi ya kwato. Chakula chake hasa ni nyasi kavu na mabua safi, ale kidogo kidogo kwa saa nyingi, pamoja na maji na chumvi. Punda wa kilo 150 hutosheka na kama kilo 2 na nusu za malisho makavu kwa siku.

Anayevuta mkokoteni mchana kutwa hana saa ya kuchunga. Basi awekewe usiku. Mabua tunayo, ila wengi wetu huyachoma moto baada ya mavuno.