Mtoto Mkorofi Asifukuzwe Kituoni
(Hotuba ya walezi wa kituo cha watoto, Siku ya Mtoto wa Afrika, 16 Juni)



Siku hii, inayoadhimishwa barani tangu 1991, inawakumbuka wanafunzi waliouawa Soweto mwaka 1976. Sisi leo tutawasemea watoto wasio na msemaji, wale mnaowaita wakorofi.

Mbele ya Kamati lipo ombi kwamba wanaopiga wenzao na kuiba chakula waondolewe kituoni. Tunaomba likataliwe.

Mtoto anaficha ugali chini ya godoro mpaka unaota ukungu, na ameshiba. Huyo alilala njaa porini siku nyingi. Hajaamini kwamba kesho atakula. Ukimnyima chakula cha jioni kuwa adhabu, umemthibitishia hofu yake. Kwa hiyo kila mtoto tumempa kopo lenye kifuniko, aweke akiba yake. Kuficha kumepungua, hakujaisha. Kikojozi naye tunamwondolea shuka kabla wenzake hawajaamka, basi.

Ugomvi ndio mgumu. Mlezi wa zamu huandika kwenye daftari saa, mahali, na hasa kilichotangulia ngumi. Daftari limeonyesha kwamba ugomvi mwingi hutokea siku ya mgao: umati, filimbi, watu kukimbia. Watoto hawa walikwisha kuona watu wakikimbia, na haukuwa mgao. Sasa siku hiyo tunawapeleka mapema uwanja wa mpira. Anayepiga, walezi wawili wanamshika mikono, wakisema naye kwa sauti ya chini, na wenzake wanaondolewa pale. Akitulia, anasaidia kutengeneza alichovunja. Kiboko hakimo. Wapo wazee wanaosema tunawadekeza. Karibuni mshike zamu moja ya usiku.

Tena, mwaka 1994 watoto wa Rwanda wanaokadiriwa kufikia 100,000 walitengana na wazazi wao. Wengi walirudishwa kwao kwa sababu waliandikishwa na walijulikana walipo. Mtoto tunayemfukuza leo, ndugu yake akija kumwulizia, tutamwonyesha wapi?

Ndugu Mwenyekiti, kumshika mtoto bila kumuumiza ni kazi ya watu wawili, na usiku mlezi ni mmoja. Tunaomba mashirika yatuongezee mlezi wa usiku. Na wazee wa vijiji, mtoto akivunja kitu kwenu, tuiteni sisi kabla ya sungusungu, hata kama ni usiku wa manane.